Nguo Sikivu

Huku Bukavu mtu husikia baridi. Husikia njaa, husikia usingizi, husikia harufu ya sambaza wanaokaangwa kwa jirani, na akimpa mwenzake mkono husikia kama mkono huo una homa. Mwanafunzi aliyetoka Dar es Salaam au Mombasa atatuelewa, lakini yeye akiandika atapendelea "kuhisi" au "kuona": nahisi baridi, naona njaa. Sisi sikio letu limepewa kazi nyingi. Wala hatuko peke yetu. Mzungumzaji wa Kilingala hutumia kitenzi koyoka kwa sauti, kwa harufu, kwa maumivu na kwa baridi. Wa Kinyarwanda hutumia kumva, ambacho pia ni kuelewa. Katika soko la Kadutu, ambako lugha hizi hukutana kila asubuhi juu ya mafungu ya mihogo, ngozi, pua na sikio vinagawana kitenzi kimoja.

Wapo wanaouita huo umaskini wa msamiati. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba ni akiba, na kwamba akiba hiyo inaweza kutusaidia kufikiri juu ya kitu kipya: nguo zinazotengenezwa ili zihisi mguso wa mtu na kuupeleka kwa mwingine aliye mbali.

Kwangu jambo lilianza na zoezi la tafsiri. Mhadhiri alitugawia makala ya Kifaransa kuhusu vitambaa hivyo, akatuagiza tupendekeze istilahi za Kiswahili. Makala yaliviita vitambaa "intelligents", na hapo darasa likagawanyika. Kundi la kwanza lilitaka "nguo janja", kwa kufuata "simu janja". Kundi la pili lilisema ujanja ni sifa ya sungura wa hadithi na ya mtu anayekurudishia chenji pungufu, likapendekeza "nguo erevu". Kundi la tatu likakumbusha kwamba mwerevu naye, katika Kiswahili cha zamani, hakuwa mtu wa kuaminiwa sana. Likabaki "nguo yenye akili", jina refu ambalo tena linakipa kitambaa kitu ambacho hakina. Tulitoka bila jibu, na swali likanifuata hadi nyumbani.

Kabla ya jina, tutazame kitu chenyewe. Nyuzi za pamba au za nailoni hupakwa madini ya fedha, au husokotwa pamoja na nyuzi nyembamba za chuma kisichoshika kutu, ili zipitishe umeme. Kitambaa kikibonyezwa, nyuzi hukaribiana na umeme unaopita ndani yake hubadilika kidogo. Badiliko hilo husomwa na kihisi, likageuzwa kuwa tarakimu, likapokelewa na simu na kurushwa kwenye intaneti. Upande wa pili nguo nyingine huzigeuza tarakimu hizo kuwa mguso tena: kwa vitetemeshi kama kile kinachoitikisa simu mfukoni, kwa vifuko vinavyojaa hewa, au kwa nyuzi za madini zinazojikunja zikipata joto.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni Hug Shirt, yaani shati la kukumbatia, lililobuniwa mwaka 2002 na Francesca Rosella na Ryan Genz wa kampuni ya CuteCircuit. Mwaka 2006 jarida la Time lililiweka miongoni mwa uvumbuzi bora wa mwaka. Mvaaji hujikumbatia mwenyewe, vihisi hupima amejibonyeza wapi, kwa nguvu gani na kwa muda gani, na shati la mwenzake hutetemeka na kupata joto mahali palepale. Muda mrefu baada ya hapo, mwaka 2017, Google na Levi's walitoa koti ambalo mkono wake ulifumwa kwa nyuzi zinazohisi kidole. Koti hilo lilihusu kuamrisha simu tu, lakini lilionyesha kwamba kitambaa cha namna hii kinaweza kuuzwa dukani kama nguo ya kawaida.

Sayansi ya ngozi nayo imesonga mbele. Watafiti wa Göteborg, Sweden, wameeleza kuhusu nyuzi za neva katika ngozi yenye vinyweleo zinazoitikia zaidi kupapaswa polepole, kwa mwendo wa sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, na kwa joto lililo karibu na la ngozi. Ni mwendo wa mkono wa mzazi juu ya kichwa cha mtoto. Mwaka 2021 Tuzo ya Nobel ya tiba ilikwenda kwa David Julius, aliyechunguza jinsi neva zinavyotambua joto, na Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut aliyekimbia vita vya nchi yake, aliyegundua protini zinazoiwezesha seli kutambua kubonyezwa. Kwa hiyo wahandisi wanajua mengi kuhusu mguso. Swali langu ni kama wanajua kile ambacho sarufi yetu inakijua.

Wenzangu wa isimu watakumbuka mnyambuliko ambao tunaupitia haraka darasani kwa sababu umekufa: kiambishi -at-. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alikipa jina linalotokana na mgusano, kwa kuwa kinaonyesha vitu viwili vinavyoshikamana. Tazama fumba na fumbata. Anayefumba mkono anaufunga tu. Anayefumbata ana kitu ndani ya mkono. Halafu kuna kamata, ambata, pakata, na kumbata iliyotuachia kumbatia. Kinyarwanda kina gufumbata, Kilingala kina kokamata. Kiambishi hiki ni cha kale katika lugha za Kibantu, nacho kinatuambia kwamba wazee wetu wa lugha waliona kugusana kuwa jambo kubwa kiasi cha kupewa mahali ndani ya kitenzi, kando ya kutendwa na kutendana. Leo hatuwezi kuunda neno jipya kwa -at-; hakuna anayesema "gusata". Lakini kila tunapotuma barua pepe yenye faili tunasema tumeambatanisha, na faili tunaiita kiambatisho. Kiambishi cha mguso kilitangulia kuingia kwenye intaneti, na wahandisi wa nguo wanakifuata.

Mnyambuliko wa pili uko hai: -an-. Ninaweza kukugusa bila wewe kunigusa, kama sarufi inavyoruhusu: mimi mtenda, wewe mtendwa. Tukisema "tumegusana", mtendwa ametoweka. Wote wawili ni watenda, na hakuna anayeweza kusema alianza. Salamu ya wanaume wa mji huu, ya kugonganisha vipaji vya nyuso kulia, kushoto, kisha kulia tena, haina mtendwa. Ndivyo ilivyo pia kupeana mikono na kukumbatiana.

Sasa tuiweke Hug Shirt kwenye mizani hiyo. Mvaaji anajikumbatia mwenyewe; mwenzake anapokea. Anachosikia mtumaji ni mikono yake juu ya mabega yake. Mwenzake anaweza kujibu baadaye, kama tunavyojibu ujumbe, lakini hapo tuna migusano miwili ya upande mmoja iliyofuatana. Kuandikiana si kuzungumza ana kwa ana, na kupelekeana miguso bado hakujawa kugusana.

Jambo hili lingebaki mchezo wa darasani kama lisingeingia nyumbani kwetu.

Bukavu imejifunza kuogopa mguso mara tatu katika miaka michache. Agosti 2019 Ebola ilivuka kutoka Kivu Kaskazini ikafika Mwenga, katika jimbo letu, na vipaji vya nyuso vikaacha kugongana. Machi 2020 ikaja Korona. Kisha kuanzia Septemba 2023 aina mpya ya mpox ikaenea Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ni dharura ya kimataifa. Ugonjwa huo huambukizwa kwa kugusana, ngozi kwa ngozi. Huambukizwa pia kwa shuka, kwa taulo na kwa nguo zilizomgusa mgonjwa. Kwa maneno mengine, kitambaa hubeba mguso na kuufikisha kwa mtu ambaye hayupo. Kilifanya kazi hiyo kabla hakijatiwa waya wowote.

Mama yangu mdogo anafanya biashara ndogo Kamituga. Alipoanza kutoka vipele, mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu alikuwa kwetu Bukavu, akiwa ameletwa majuma machache kabla. Mama mdogo akatengwa na watu. Kila jioni, mtandao ukiruhusu, alipiga simu ya video. Mtoto aliisikia sauti, akaitazama sura, akaigeuza simu kutafuta mama yuko upande gani wa nyuma, kisha akalia. Hakuhitaji maneno wala picha. Alitaka mgongo.

Mama alimbeba, lakini kwa kikwembe kipya, kile kigumu ambacho bado kina gundi ya kiwandani. Mtoto alikikataa, akajikaza mwili wote. Kilichokuwepo kingine ni kikwembe cha mama yake, kilicholainika kwa miaka, ambacho alikuja nacho. Wasiwasi ukaingia: je, mama yake alikwisha kuugua alipokifunga mara ya mwisho? Mama alikichemsha, akakianika juani siku mbili, akakichemsha tena. Sabuni na moshi vilikuwa vimeondoa harufu yote. Akamfunga nacho. Mtoto aliweka shavu, akalia kidogo, akatulia.

Mama alipomsimulia mdogo wake usiku huo, alisema: "Nilimusikia mwenyewe, alilala." Hakuwa amemwona, kwa sababu alikuwa mgongoni. Wala hakusikia kitu kwa masikio. Alisikia kwa mgongo: pumzi iliyorefuka, vidole vilivyoachia, uzito uliozidi ghafla kama unavyozidi uzito wa kila mtoto anayelala. Upande wa pili wa simu mama mdogo alinyamaza muda mrefu.

Baadaye, alipopona na kurudi, nilimweleza habari za zile nguo za zoezi langu. Nilidhani atacheka, au atauliza bei. Aliuliza jambo moja tu: "Na miye nitamusikia?" Alikuwa amekwisha kuelewa kwamba mtoto angeweza kuvalishwa shati linalotetemeka. Alitaka kujua kama yeye, kule alikotengwa, angesikia uzito ukizidi. Bila kusoma Ashton, alikuwa ameuliza habari za -an-.

Tangu siku hiyo ninakitazama kikwembe cha kubebea mtoto, ambacho watu wa pwani hukiita mbeleko, kama chombo ambacho wahandisi wangefaa kukipima. Wataalamu wa Kiswahili wameandika sana juu ya kanga, na wana haki: nguo iliyozaliwa pwani mwishoni mwa karne ya 19 na ambayo baadaye ikaandikwa maneno ili kumfikishia jirani, mume au mke mwenza ujumbe usiosemeka kwa mdomo. Hata huku kwetu, tarehe 8 Machi, vitenge vya wanawake vinasema mbele ya mji mzima. Lakini kanga ni nguo inayosema, na husomwa kwa macho. Mbeleko ni nguo inayosikia. Inampa mama habari za homa, za mkojo, za kwikwi, za usingizi. Wakati huohuo inampa mtoto habari za hatua za mama, za pumzi yake anapopanda mlima wa Kadutu, za sauti yake inayotetemesha mgongo kabla ya kufika hewani. Habari hupita pande zote mbili kwa wakati mmoja, kupitia kitambaa kilekile. Hakuna mtumaji.

Neno "mtumaji" lenyewe linanipeleka kwenye jambo lisilopendeza. Katika Kiswahili, kumtumia mtu kuna maana mbili: kumpelekea kitu, na kumfanya chombo cha haja zako. "Amenitumia" bila yambwa ya pili ni sentensi ya kutia shaka. Nguo inayotuma mguso inaweza kukaa katika maana zote mbili. Mji huu una Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, ambaye mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Nadia Murad. Dunia inaijua Panzi kwa sababu ya wanawake waliobakwa katika vita na waliotibiwa pale. Mahali kama hapa hatuwezi kuzungumza juu ya mguso kana kwamba daima ni zawadi. Nguo inayomwezesha mtu aliye mbali kukugusa mwilini lazima iwe na mlango ambao ufunguo wake unao wewe uliyeivaa, na uweze kuufunga wakati wowote, hata katikati ya kukumbatiwa.

Kuna pia suala la nani mwingine anasikiliza. Ili kupeleka mguso, baadhi ya nguo hizi hupima joto na mapigo ya moyo, na vipimo hivyo hupitia mitambo ya kampuni kabla ya kumfikia mpendwa wako. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Walikuwa na chawa akilini, lakini methali nzuri haichagui mdudu.

Na uhai wa nguo zenyewe? Lile koti la Google na Levi's, programu yake iliondolewa mwaka 2023, na mkono uliofumwa kwa ustadi ukabaki mkono wa koti tu. Kikwembe hakizimwi na mtu. Kikichakaa hufungwa kichwani, kisha huwa kitambaa cha jikoni, kisha huwa cha kupangusia sakafu. Kinachonikera zaidi ni kwamba sisi tumo ndani ya nguo hizo tangu mwanzo. Tantalamu inayotumika katika kapasita ndogo za simu na vifaa vya kuvaliwa hutoka katika koltani, na koltani inachimbwa Kalehe, mwendo mfupi kaskazini mwa hapa. Tunachangia udongo. Ingefaa tuchangie na swali.

Sisemi kwamba nguo hizi hazitufai. Mimi ningempa mama mdogo shati hilo hata lile la upande mmoja, kwa majuma yale. Tangu vita vya Februari 2025 jamaa nyingi za Bukavu zimetawanyika, wengine Burundi, wengine mbali zaidi, na simu ndiyo imekuwa baraza la familia. Mtu aliyeishi hivyo hadharau kitu chochote kinachopunguza umbali. Ninachosema ni kwamba mahitaji yetu yana sarufi yake, nayo inadai zaidi kuliko kinachotolewa. Inadai kwamba ninayekugusa nikusikie.

Narudi sasa kwenye istilahi, kwa kuwa zoezi lilikuwa hilo. Ninapendekeza nguo sikivu; kitambaa kisikivu, vitambaa visikivu. Sababu zangu ni tatu. Kwanza, neno hili linakusanya ngozi na sikio kama Kiswahili chetu cha mashariki ya Kongo kinavyofanya, na kwa mara moja lahaja yetu inaipatia istilahi ya kisayansi maana ambayo Kiswahili sanifu kimeiweka pembeni. Pili, halidai akili wala ujanja; linaitaja kazi inayofanyika, ambayo ni kusikia. Tatu, na hii ndiyo inayonishika zaidi, msikivu katika Kiswahili ni mtu anayetii. Mtoto msikivu ni yule anayeacha akiambiwa acha. Nguo isiyoacha ikiambiwa acha isipewe jina hili, hata iwe na vihisi elfu.

Kwa kile ambacho mama mdogo alikiuliza, istilahi ipo tayari: kugusana kwa mbali. Ninashauri tusiitumie kwa kifaa chochote cha leo. Tuiweke wazi kama kiti cha mgeni, mpaka atokee anayestahili kukikalia.

Wenzangu wa kitivo, nina ombi. Katika Mashi, Kirega, Kihavu, Kifuliiru na Kibembe lazima kuna vitenzi vya kusikia kwa mgongo, kwa kiganja, kwa paja, ambavyo havijaandikwa katika kamusi yoyote. Mkienda nyumbani likizo, waulizeni mama zenu na bibi zenu wanajuaje kwamba mtoto aliye mgongoni amelala. Andikeni kitenzi chenyewe, jinsi walivyokitamka, pamoja na viambishi vyake vyote.